Ndege za Vita na Hesabu ya Mfalme

Siku moja baada ya mafundisho ya Kipaimara, mtoto mmoja alibaki nyuma. Wenzake walikuwa wamekwisha kuteremka kuelekea soko la Nyawera, naye alisimama mlangoni akishika daftari lake. Akaniuliza: "Mwalimu, serikali yetu ina ndege za vita. Mbona hazikutulinda?"

Nilielewa alichotaka kusema. Tarehe 27 Januari 2025 mji wa Goma ulitwaliwa na M23. Tarehe 14 Februari ulitwaliwa uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili baadaye Bukavu yetu. Mtoto yule aliyaona kwa macho yake, kama sisi sote. Nilimwambia, "Mwanangu, nitakujibu juma lijalo." Lakini juma moja halikutosha. Nilisoma, niliuliza wazee, nilisali, na jibu langu ninaliandika hapa, maana nadhani watu wazima nao wanajiuliza vilevile kimoyomoyo.

Swali la kwanza ni hili: Je, ni dhambi serikali kuwa na ndege za vita? Jibu: Si dhambi. Kanisa halikufundisha kamwe kwamba mchungaji akimwona chui aweke fimbo chini. Amri ya tano inakataza kuua, na kwa sababu hiyo hiyo inamdai mwenye kutawala awalinde wale waliowekwa mikononi mwake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba vita haiwezi kuwa ya haki isipokuwa itangazwe na mwenye mamlaka halali, iwe na sababu ya haki, na nia iwe njema. Katekisimu ya Kanisa inaongeza masharti mengine, na moja lao watu wengi hulisahau: lazima liwepo tumaini la kweli la kufaulu. Kumbukeni sharti hilo, wasomaji, maana tutalirudia.

Basi, kama si dhambi kuwa nazo, je, ni haki nchi maskini kuzinunua? Hapo ndipo palipo na kazi. Wako wanaojibu upesi: "Uza ndege zote, nunua dawa!" Na wako wanaojibu upesi vilevile: "Nunua ndege nyingi, adui ataogopa!" Majibu haya mawili yanafanana kwa jambo moja: wote wawili hawakuketi kuhesabu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu Yezu Kristu anatoa mifano miwili inayofuatana. Mmoja ni wa mtu anayetaka kujenga mnara: asipohesabu gharama kwanza, ataishia kwenye msingi na watu watamcheka. Wa pili ni wa mfalme anayekwenda kupigana na mfalme mwenzake: naye lazima aketi kwanza, apime kama watu wake 10,000 wataweza kuwakabili 20,000. Najua kwamba Bwana alikuwa anasema habari za gharama ya kumfuata Yeye. Hata hivyo, alichagua mfano ambao kila mtu aliona kwamba ni kweli: mfalme asiyehesabu ni mfalme mbaya, hata akiwa shujaa.

Sasa tuhesabu. Ndege ya vita ni kitu gani?

Katika shirika letu yuko mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi wa motokari miaka mingi. Nilimwendea jioni nikamwuliza. Akacheka, akasema: "Mwalimu, mtu akinunua kamio ya zamani, watu humpongeza siku ile moja. Mimi fundi ninamwonea huruma kuanzia siku ya pili. Atatafuta magurudumu, atatafuta mafuta, atatafuta piesi ambazo kiwanda kimeacha kuzitengeneza. Asipokuwa nazo, kamio itakuwa nyumba ya kuku." Wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na ndege ya vita ni mtoto mgumu kulea kupita kamio elfu.

Injini yake ina saa zilizohesabiwa. Saa hizo zikiisha, lazima ifunguliwe yote na kutengenezwa upya, na mara nyingi ipelekwe mbali ng'ambo kwa kazi hiyo. Hata ndege isiyoruka inazeeka: mipira ya mafuta inakauka na kupasuka, nyaya zinaliwa na unyevu, na baruti inayomrusha rubani nje wakati wa hatari ina tarehe yake ya mwisho. Rubani naye ni vilevile. Majeshi ya nchi za NATO huhesabu kwamba rubani wa ndege za vita yafaa aruke saa kama 180 kila mwaka ili asipoteze ujuzi wake. Rubani anayeruka mara chache tu kwa mwaka, siku za sherehe, ni hatari kwake mwenyewe na kwa watu walio chini yake. Tena inatakiwa mitambo ya kuona mbali angani, watu wa kumwongoza rubani kwa redio, mabohari, askari wa kulinda uwanja. Bei inayotangazwa siku ya kununua ni mlango tu. Nyumba yenyewe iko ndani.

Wengine watasema: basi zile za zamani zifanywe upya. Ni kweli, jambo hilo linafanyika duniani pote. Mwili wa ndege wa zamani hutiwa macho mapya, yaani mitambo mipya ya kuona, ya kusema na ya kulenga shabaha. Lakini macho mapya hayaondoi uchovu wa mifupa. Na kila kitu kipya kinakuja na bwana wake mpya: kiwanda kinachokiuza, na serikali ya nchi ile inayotoa au kunyima ruhusa. Nabii Isaya, katika sura ya 31, aliwakemea wale walioshuka Misri kutafuta msaada, wakategemea farasi na magari ya vita ya wageni. Nchi inayonunua ndege inajifunga na muuzaji kwa miaka 30 au zaidi. Wakigombana, au muuzaji mwenyewe akiingia vitani, vipuri vinakatika.

Haya si mawazo ya vitabuni tu. Nchi yetu imeyaonja.

Mwaka 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, zilifika kule ndege 3 ndogo aina ya Fouga Magister, zilizotengenezwa Ufaransa. Zilikuwa ndege za kufundishia, zikatiwa bunduki. Mwezi wa Septemba mwaka ule moja tu iliyokuwa ikiruka iliwatesa askari wa Umoja wa Mataifa kwa siku kadhaa, maana wao hawakuwa na ndege yoyote ya vita. Mtu angeweza kusema: "Tazama faida yake!" Lakini ndege huita ndege. Kabla ya mwaka kwisha, Umoja wa Mataifa ulikuwa umepata ndege za vita za Swedi, za Uhabeshi na za Uhindi. Mwezi wa Januari 1963 kujitenga kwa Katanga kulikwisha. Ndege ile moja iliogopesha watu, lakini haikumwokoa aliyeinunua.

Halafu wakaja wakati wa Mobutu. Shaba ilipokuwa na bei nzuri, mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Zaire iliagiza Ufaransa ndege 17 za Mirage 5. Zilikuwa ndege nzuri, wala sisemi kwamba nchi kubwa kama yetu haikuwa na sababu ya kulinda anga yake. Lakini tangu mwaka 1974 bei ya shaba ilianguka vibaya, madeni yakapanda, na ndege zile hazikufika zote. Zilizofika zilihitaji mafuta, vipuri na mafundi mwaka kwa mwaka, na hayo yalipungua kadiri hazina ilivyotobolewa.

Mwaka 1996, vita ilipofika Kivu, hapakuwa na hata Mirage moja ya kuruka. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Hapa hapa Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996, aliuawa Askofu wetu Mkuu Christophe Munzihirwa, Myezuiti, aliyekataa kuwaacha watu wake. Wakubwa walikuwa wamekwisha kukimbia. Yeye alibaki na msalaba wake. Miezi michache baadaye Mobutu alitafuta marubani wa kukodiwa kutoka Serbia, na ndege chache zilizochakaa. Nguo ya kuazima haisitiri maungo: mwezi wa Mei 1997 serikali yake ilianguka.

Kila ninapopita njia panda ile ninafikiri hivi: fedha za Mirage zilitolewa na nani? Zilitolewa na mchimba shaba wa Kolwezi, na mkulima aliyelipa kodi. Walilipia ulinzi. Siku ya hatari, ulinzi haukuwapo. Wao waliibiwa mara mbili: kwanza fedha zao, halafu amani yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, serikali ilinunua kutoka Georgia ndege za Sukhoi Su-25. Aina hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka 1975 katika nchi ya Wasoviyeti, na kiwanda chake cha Tbilisi kilibaki Georgia baada ya dola ile kuvunjika. Tarehe 30 Juni 2007, siku ya Uhuru, mojawapo ilianguka Kisangani, na rubani wake akafa. Tarehe 24 Januari 2023 nyingine ilipigwa kombora kutoka upande wa Rwanda, karibu na Goma. Rubani aliweza kutua huku moto ukiwaka. Rwanda ilisema ndege ilivuka mpaka. Kinshasa ilisema haikuvuka, na kwamba kuipiga ni tendo la vita. Mwaka huo huo wa 2023 serikali ilileta pia ndege za CH-4 kutoka China, zisizo na rubani, na zikawekwa Kavumu. Yaliyofuata nimekwisha kuyataja. Uwanja ukitwaliwa kwa nchi kavu, ndege ya namna gani itauokoa? Ndege haiwezi kufanya kazi ya askari asiyelipwa mshahara, wala ya jemadari asiye mwaminifu. Ndege ni kama paa la nyumba. Haliwezi kusimama pasipo kuta.

Tusidhani kwamba ni sisi peke yetu. Uganda mwaka 1998 ilinunua helikopta za zamani aina ya Mi-24 kutoka Belarus. Zile zilizofika hazikufaa kuruka, nazo ziligharimu mamilioni ya dola. Ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya hakimu Julia Sebutinde, na mambo ya aibu yakatoka hadharani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: kitu kibovu hakikosi mtu wa kukisifu, hasa akiwa anangojea sehemu yake.

Kenya nayo, katika miaka ya 2007 na 2008, ilinunua kutoka Jordan ndege 15 za F-5 zilizokwisha kutumika. Watu wengi walilalamika: mbona tunanunua mzigo wa wengine? Lakini hapo tuseme haki. Kenya ilikuwa na ndege za aina hiyo tangu mwaka 1978. Ilikuwa na marubani na mafundi waliozijua. Kununua cha zamani si kosa, ikiwa unakijua na unaweza kukitunza. Kosa ni kununua usichokijua, kwa siri, kwa fedha usizokuwa nazo.

Mwaka 2011 Uganda ilinunua ndege 6 mpya za Su-30 kutoka Urusi. Pamoja na silaha zake, bei ilikaribia dola milioni 740, na fedha zilitolewa katika benki kuu kabla Bunge halijakubali. Mwaka huo huo bei za vyakula zilipanda sana. Mwezi wa Oktoba mfumuko wa bei ulipita asilimia 30. Sisemi kwamba ndege peke yake ndizo zilizosababisha njaa ile. Ukame na mambo mengine yalikuwapo. Ninalitaja jambo hili kwa sababu ya hesabu nyingine inayotuhusu sisi. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa maovu ya vita iliyoanza mwaka 1998: kwa watu waliouawa, kwa mali iliyoharibiwa, kwa dhahabu na utajiri mwingine uliochukuliwa. Wekeni hesabu hizo mbili bega kwa bega. Maisha ya Wakongomani wote waliohesabiwa mbele ya hakimu, pamoja na mali yao yote, hayakufikia nusu ya bei ya ndege 6. Silaumu Waganda, ndugu zetu. Hata sisi wenyewe tumezithamini roho zetu kwa bei ndogo. Lakini mkristu anayeamini kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu hawezi kuzisoma hesabu hizo mbili akalala usingizi.

Basi, turudi kwenye swali letu. Mimi ni mwalimu wa dini tu, si jemadari wala waziri. Lakini Amri za Mungu zinamhusu waziri kama zinavyomhusu muuza samaki wa Nyawera. Ninaona amri tatu zinazosimama mbele ya kila ndege inayonunuliwa.

Amri ya tano inauliza: Je, chombo hiki kitalinda roho za watu kweli? Hapa narudia lile sharti la tumaini la kufaulu. Ndege isiyoweza kuruka haitoi tumaini, inatoa maonyesho. Na ikiruka, je, rubani amefundishwa kutofautisha kambi ya adui na kijiji cha wakimbizi? Bomu likianguka penye watoto, haifai kusema "tulikosea shabaha" kana kwamba ni jiwe lililotupwa na mtoto.

Amri ya saba inauliza: Fedha hizi ni za nani, na nani mwingine alizihitaji? Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulisema wazi kwamba mashindano ya silaha yanawaumiza maskini kupita kiasi. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, mwaka 1967, aliomba sehemu ya fedha za silaha iwekwe katika mfuko wa kuwasaidia mataifa maskini. Hawakusema serikali ibaki bila ulinzi. Walisema kila franka ya silaha ijieleze mbele ya mgonjwa asiye na dawa. Ikiweza kujieleza, sawa. Isipoweza, ni wizi, hata kama ina muhuri wa serikali.

Amri ya nane inauliza: Je, mnasema kweli? Siri ya vita ina mahali pake. Adui asijue ndege iko wapi wala itaruka lini. Lakini bei yake, idadi yake, na jina la aliyepokea bakshishi, hizo si siri za vita. Mara nyingi adui anazijua, na mwananchi peke yake ndiye asiyezijua. Panapokuwa na giza namna hiyo, shetani hahitaji kubisha hodi.

Kwa hiyo nasema: kuketi na kuhesabu si kazi ya makarani tu. Ni wajibu wa haki. Mtawala anayenunua ndege bila kuhesabu mafuta, vipuri, mafundi na marubani wa miaka 20 ijayo, hakutenda kosa la hesabu. Ametenda dhambi dhidi ya wale atakaowaacha bila chakula leo na bila ulinzi kesho. Na yule anayehesabu akaona hawezi, akanunua kidogo anachoweza kukitunza, akalipa askari wake, akatafuta mapatano na jirani, huyo si mwoga. Bwana mwenyewe alisema kwamba mfalme akiona hatoshi, hutuma wajumbe kuomba amani wakati adui akiwa bado mbali. Akiwa bado mbali, ndugu zangu! Si baada ya kufika Kavumu.

Lakini tusinyoshe kidole kwa wakubwa tu. Tabia ile ya kununua ili tuonekane, tumeilea sisi wenyewe. Ni mashirika mangapi yaliyonunua mashine ya umeme kwa shangwe, ikabarikiwa, na baada ya mwaka ikawa imelala ghalani kwa kukosa kifaa kidogo? Ni wangapi kati yetu waliofanya arusi ya kukopa, na watoto wakarudishwa kutoka shule? Waziri anayenunua ndege za kupita juu ya jukwaa siku ya sherehe alizaliwa katika nyumba kama zetu. Tukiwafundisha watoto wetu kutunza kuliko kujionyesha, huenda mmoja wao atakapokuwa mkubwa atakumbuka.

Yule mtoto nilimjibu hivi: "Ndege hazikutulinda kwa sababu ndege hailindi mtu. Mtu hulindwa na mtu mwaminifu. Mtu mwaminifu akiwa na ndege, ataitunza na itamsaidia. Asiye mwaminifu, hata akiwa na ndege mia, utabaki peke yako." Alinyamaza kidogo, akauliza tena: "Basi, mimi nifanye nini?" Nikamwambia ajifunze vizuri hesabu yake, na aseme kweli nyumbani kwao. Alionekana hakuridhika sana. Pengine alitazamia jambo kubwa zaidi. Lakini nilipofikiri baadaye sikuona la kuongeza.

Bibi Yetu wa Amani, ambaye kanisa letu kuu linaitwa kwa jina lake, atuombee tupate watawala wanaoketi na kuhesabu, na sisi wenyewe tuwe watu ambao mtawala wa namna hiyo anaweza kutoka kati yao.